Kupanua mfupa mwembamba wa taya la juu ili kuweka kipandikizi: hatua kwa hatua

Ukingo wa milimita nne unapanuka? Nitumie nyundo au skrubu? Ukuta wa mbele umepata ufa, je, nitoe kila kitu na kushona? Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara daktari wa meno anapotoka kwenye mifupa mipana na kukutana na ukingo wake wa kwanza mwembamba, yaani ukingo wa mfupa wa taya ambamo meno hukaa. Majibu yako hapa chini, kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Tunachukulia kwamba umeshaweka vipandikizi (skrubu za kushikilia meno bandia) kwenye mfupa wa kutosha, unajua kufungua ufizi na kuurudisha bila kuuvuta, na picha ya CBCT (eksirei ya pande tatu) unaisoma mwenyewe.

Nadharia ni fupi. Mfupa wa taya la juu una ganda jembamba nje na sponji ndani. Ganda hilo likisukumwa taratibu hupinda. Likisukumwa ghafla huvunjika. Taya la chini lina ganda nene na gumu zaidi, ndiyo maana mbinu hizi hazihamishiwi huko kama zilivyo. Karibu makosa yote utakayosoma humu yanatokana na kusahau neno moja: taratibu.

Pima kwanza, na uwe tayari kukataa

Kwenye CBCT, pima upana wa ukingo mahali patatu: milimita 1, 4 na 7 kutoka kileleni (ncha ya ukingo, upande wa ufizi) kuelekea puani. Kipimo kimoja cha kileleni hudanganya.

- Milimita 6 au zaidi: huhitaji kupanua kwa kipandikizi cha kawaida. Weka tu.
- Milimita 4 hadi 5 na ushee: vipanuzi vya skrubu au osteotomu (vyuma vya mviringo vinavyogongwa kwa nyundo) hutosha.
- Milimita 3 hadi 4: pasua ukingo kwanza, kisha upanue.
- Chini ya milimita 3: usipanue. Ongeza mfupa kwanza, kipandikizi kije baadaye.

Upana peke yake hautoshi. Kati ya ganda la mbele na ganda la upande wa kaakaa lazima kuwe na sponji ya angalau milimita 1. Ganda likigusana na ganda hakuna pa kupita, na ukilazimisha utakuwa unavunja, si kupanua. Urefu wa mfupa uwe milimita 10 au zaidi, kwa sababu kupanua hakuongezi urefu. Kilele hupoteza kidogo wakati wa kupona. Angalia pia umbo. Ukingo unaoanza mwembamba na kupanuka kadiri unavyopanda ndio mzuri. Ule uliobonyea katikati upande wa mbele ni mtego: juu juu utaona kazi inakwenda vizuri, kumbe ncha ya kipanuzi imeshatokea nje kwenye bonde hilo.

Jambo la mwisho kwenye picha ni mwelekeo. Kupanua hufungua ukingo lakini hakuuzungushi. Kama mfupa wenyewe umeinamia mbele, upande wa midomo, kipandikizi nacho kitainama hivyo hivyo, na fundi wa meno atakuuliza taji alikalishe wapi.

Usianze mbinu hii kwa mgonjwa aliyepewa bisfosfoneti (dawa za kuzuia mfupa kuyeyuka) kwa sindano ya mshipa, aliyepigwa mionzi ya tiba kwenye taya, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au anayevuta sigara nyingi na hana mpango wa kuacha. Mwenye historia ya kizunguzungu anaweza kupanuliwa, ila nyundo iachwe kabatini.

Hesabu ya mfupa

Lengo ni kubaki na milimita 1.5 hadi 2 za mfupa mbele ya kipandikizi na angalau milimita 1 upande wa kaakaa. Sasa chukua ukingo wa milimita 4. Ukiutoboa katikati kwa drili ya milimita 2, umebaki na milimita 1 kila upande, na nusu ya mfupa wa mgonjwa imekwenda na maji kwenye kifyonza. Ukitumia drili ya milimita 1.5 na kuisogeza kidogo kuelekea kaakaa, unabaki na 1.5 mbele na 1 nyuma. Ingiza kipandikizi cha milimita 3.5, ukingo unafika milimita 6. Hakuna ulichoongeza hapo. Umehamisha tu kile ambacho drili kubwa ingekitupa.

Vifaa vya kuandaa

- Drili ya kuanzia ya milimita 1.3 hadi 1.5, yenye alama za kina.
- Seti ya vipanuzi vya skrubu vinavyoongezeka kidogo kidogo, kwa mfano kutoka milimita 2 hadi 4, pamoja na racheti na kishikio cha kidole.
- Mashine ya piezo (hukata mfupa kwa mtetemo) yenye ncha nyembamba ya msumeno. Kama huna, diski nyembamba ya kukatia au kisu namba 15 na patasi pana bapa.
- Osteotomu zenye ncha butu ya mviringo na nyundo, kama akiba.
- Vipandikizi vyenye umbo la koni, kipenyo ulichopanga na kimoja chembamba zaidi, urefu wa aina mbili.
- Chembe za mfupa za ukubwa wa milimita 0.25 hadi 1, na utando wa kolajeni.
- Skrubu ndogo za kubana mfupa. Huenda usizifungue, lakini siku ukizihitaji hutakuwa na muda wa kuagiza.
- Salaini baridi, uzi wa kushonea 5-0 usiosukwa, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde.

Saa hiyo si pambo. Utaitumia kuliko nyundo.

Hatua

1. Dawa na ganzi. Amoksisilini gramu 2 saa moja kabla, ikiwa mgonjwa hana mzio wa penisilini. Asukutue kwa klorheksidini asilimia 0.2 kwa dakika moja. Piga ganzi mbele na kwenye kaakaa; atikaini asilimia 4 yenye adrenalini 1:100,000 inafaa.

2. Fungua ufizi, lakini si wote. Chanja milimita 1 au 2 upande wa kaakaa kutoka kileleni. Inua ufizi pamoja na periosti (utando unaofunika mfupa) hadi uone kilele na milimita 3 au 4 za ukuta wa mbele, basi. Kutoka hapo ukihitaji kwenda zaidi, tenganisha ufizi ukiiacha periosti imeshikana na mfupa.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi kabla haijaanza. Hufungua ukuta wote wa mbele "ili nione vizuri". Ukishaupasua ukingo, ukuta wa mbele hukatiwa damu ya kutoka ndani, na kinachoulisha ni periosti tu. Ukiivua yote, ulichonacho si ukuta tena, ni kipande cha mfupa kisicho na damu, na miezi michache baadaye kitakuwa kimeyeyuka. Unachokosa kwa macho kipate kwa kidole: kidole cha shahada cha mkono wa pili kikae juu ya ukuta wa mbele kuanzia hatua ya 4 hadi ya 7.

3. Sawazisha kilele. Kilele kikiwa kama makali ya kisu, kipunguze hadi upate sehemu bapa ya milimita 3, ilimradi urefu unaruhusu. Vumbi la mfupa likusanye kwenye kikombe chenye salaini.

4. Toboa njia. Tumia drili nyembamba, maji yakitiririka, hadi kina kamili cha kipandikizi. Mfupa ukikaa kwenye nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huanza kufa, na drili iliyochakaa hufika huko bila shida. Elekeza njia kidogo kuelekea kaakaa. Kipanuzi hufuata upande ulio laini, na upande laini daima ni wa mbele. Njia iliyo wima leo itakuwa imeinama mbele utakapofika kipanuzi cha nne. Weka kipimo cha mwelekeo, piga picha ndogo ya eksirei, na urekebishe sasa hivi. Baadaye hutaweza.

5. Pasua ukingo (kwa milimita 3 hadi 4 tu). Kata mstari mmoja juu ya kilele kwa piezo, ukipita kwenye matundu uliyotoboa, na ukae mahali ambapo ukuta wa mbele utabaki na milimita 1.5 au zaidi. Shuka hadi milimita 7 hadi 10 kwenye sponji, ukiacha milimita 2 au 3 za mwisho za kina cha kipandikizi bila kupasuliwa. Hizo ndizo zitakazokishika. Mstari usikaribie jino la jirani chini ya milimita 2.

Mpasuo mfupi ni kosa la kawaida. Kwa kipandikizi kimoja unahitaji mstari wa milimita 10 hivi kama nafasi ipo. Ukikata milimita 5 halafu ukapanua, nguvu yote itakusanyika kwenye ncha za mstari na ufa utachagua njia wenyewe. Pale ambapo jino la jirani linakuzuia, kata mistari miwili mifupi ya wima kwenye ganda la mbele, mmoja kila mwisho, ukipita ganda tu bila kuzama. Ukuta utafunguka kama mlango wenye bawaba juu.

6. Panua. Hatua hii ndiyo kazi yenyewe.

Anza na kipanuzi chembamba kabisa kwa mkono. Kizungushe hadi uhisi kinabana, kisha robo mzunguko mmoja, kisha simama. Hesabu sekunde 20 hadi 30. Utahisi ugumu ukilegea chini ya vidole. Ndipo unaongeza robo nyingine. Kikifika kina kamili, kiache ndani dakika moja nzima kabla ya kukitoa, na kinachofuata kiingie mara moja kwa sababu mfupa hurudi ulikotoka. Kipanuzi cha mwisho kikae dakika mbili au tatu.

Usiruke namba. Kutoka milimita 2.5 hadi 3.5 kwa mkupuo mmoja umeokoa dakika tatu na pengine umejinunulia miezi sita ya kusubiri. Racheti itumike tu pale vidole vinaposhindwa, na kwa kishikio kifupi. Ukiamua kutumia injini, iwe mizunguko 15 hadi 20 kwa dakika, torki (nguvu ya kuzungusha) isizidi 30 Ncm, na mikono iendelee kusikiliza. Wakati wote sukuma kishikio kwa wepesi kuelekea kaakaa, kupinga ule mvuto wa kwenda mbele.

Kidole chako cha mbele kinasema nini? Ukuta ukivimba polepole, mzuri. Ukisikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu, simama hapo hapo, usitoe wala usiongeze, na uangalie.

Ukiwa na maeneo mawili au zaidi, panua kwa zamu: kipanuzi kibaki upande huu huku unafanya upande ule. Ukuta mzima husogea pamoja, na muda wa kusubiri unakuwa wa kazi.

Na nyundo? Osteotomu, ambazo daktari wa meno Summers alizieleza mwaka 1994, bado zinafanya kazi nzuri kwenye mfupa laini sana wa nyuma. Gonga kwa mapigo mepesi, msaidizi akishika kichwa cha mgonjwa, na usubiri dakika moja kabla ya namba inayofuata. Lakini kwa meno ya mbele, skrubu hukupa udhibiti ambao nyundo haina, na mgonjwa hatoki akisema alikuwa kwa seremala. Kuna pia drili za kubana mfupa zinazozungushwa kinyumenyume kwa mizunguko 800 hadi 1,500 kwa dakika kwa maji mengi; ni nzuri kwa ukingo wa milimita 4 na zaidi wenye sponji ya kutosha, si kwa ule unaohitaji kupasuliwa.

Simama kipanuzi kikiwa na upungufu wa nusu milimita hivi kulinganisha na kipandikizi. Sehemu iliyobaki kipandikizi chenyewe kitaimalizia.

7. Ingiza kipandikizi. Nyufa nyingi hutokea hapa, daktari akiwa ameshashusha pumzi. Kipandikizi kiingie taratibu kama kipanuzi: mizunguko 15 kwa dakika, torki isizidi 35 Ncm. Kikigoma, kirudishe nyuma mizunguko miwili, subiri, endelea. Kikigoma tena, kitoe na upitishe kipanuzi kimoja zaidi. Usiongeze torki. Kichwa chake kikae milimita 1 ndani ya mfupa, maana kilele kitashuka.

Nyuzi kali za skrubu kwenye vipandikizi vya kisasa hujivuta zenyewe. Ni sifa nzuri kwenye mfupa mpana na hatari hapa, kwa sababu hujivuta kuelekea mbele. Endelea kuegemeza kishikio upande wa kaakaa.

8. Jaza. Nafasi iliyobaki kati ya kuta ijaze kwa vumbi la mfupa ulilokusanya, ukilichanganya na chembe. Ongeza tabaka la milimita 1 au 2 nje ya ukuta wa mbele pale ulipoufikia, kisha utando wa kolajeni juu. Hata panuo lililokwenda bila dosari hupoteza kiasi cha ukuta wa mbele wakati wa kupona, kwa hiyo tabaka hili si anasa. Usishindilie chembe, damu inahitaji pa kupita.

9. Funga. Skrubu ya kufunika, inayobaki chini ya ufizi, si kofia ya uponyaji inayochomoza. Chanja periosti ndani ya ufizi wa mbele, mbali na kilele, hadi ufizi ufike upande wa pili bila kuvutwa. Shona.

10. Baada ya hapo. Baridi shavuni siku ya kwanza, chakula laini wiki mbili, klorheksidini mara mbili kwa siku kuanzia siku ya pili, nyuzi zitolewe siku ya 10 hadi 14. Jino la muda lisiguse ufizi hata kidogo. Meno ya kuvaa yanayokandamiza jeraha yameharibu panuo nyingi kuliko bakteria. Fungua baada ya miezi 5 au 6. Mfupa uliopasuliwa hauharakishwi.

Mambo yakienda kombo

*Ufa mwembamba kileleni, ukuta hautikisiki.* Endelea. Ongeza chembe na utando, funika, na uongeze mwezi mmoja wa kusubiri.

*Ukuta umevunjika lakini periosti imeushika.* Jaribu kipandikizi kwa kidole. Kikiwa kimeshikwa imara na mfupa wa juu usiopasuliwa, rudisha ukuta mahali pake, jaza, funika kwa utando. Kikilegea, kitoe, bana ukuta kwa skrubu ndogo, jaza pengo na urudi baada ya miezi 5 au 6 ukikuta ukingo mpana zaidi ya ule ulioanza nao.

*Ukuta umetoka mkononi.* Uweke kwenye salaini mara moja. Hakuna kipandikizi leo. Ubane mahali pake kwa skrubu mbili, zungushia chembe, utando, ushone. Kazi imegeuka kuwa upandikizaji wa mfupa ambao hukuupanga, na mgonjwa aelezwe hivyo waziwazi siku hiyo hiyo.

*Kipanuzi kimekwama nusu ya njia.* Mara nyingi njia ya drili haikufika kina, au ncha imegusa ganda. Kitoe kwa kuzungusha nyuma, usikitikise kando kando. Kukitikisa ndiko kunakovunja. Pima kina tena, toboa kwa ile drili ya 1.5, rudia.

*Kipanuzi kinainama mbele kadiri unavyoendelea.* Ukinyoosha kwa nguvu utavunja ukuta. Kwaruza milimita nusu kwenye ukuta wa kaakaa kwa piezo au drili inayokata ubavuni, ili ncha ipate pa kuegemea, kisha urudi namba mbili nyuma.

*Kipandikizi kinazunguka bila kushika.* Kishawishi ni kuweka kinene zaidi, nacho ndicho kitakachopasua ukuta uliokuwa mzima. Weka kirefu zaidi kwa milimita 2 kama sakafu ya pua au sainasi iko mbali. Kama nafasi hiyo haipo na kipandikizi hakitikisiki kwa kidole, kifunike na usubiri miezi 6. Kikitikisika, toa.

*Mgonjwa anaona chumba kikizunguka anapoinuka.* Hutokea baada ya nyundo: vijiwe vidogo vya sikio la ndani vimetikiswa kutoka mahali pake. Kizunguzungu huja kwa sekunde chache kila anapogeuza kichwa. Asiendeshe gari. Mpeleke kwa daktari wa masikio afanyiwe zoezi la Epley (kugeuzwa kichwa kwa mpangilio ili vijiwe virudi), ambalo kwa kawaida hulimaliza tatizo.

*Ufizi umefunguka wiki ya kwanza.* Usishone upya; kingo zilizovimba hazishiki uzi. Osha kwa salaini, mpe jeli ya klorheksidini apake mara mbili kwa siku, mwone kila wiki. Utando wa kolajeni ulioachwa wazi utayeyuka na ufizi mara nyingi hujifunga chini yake ndani ya wiki tatu au nne. Chembe chache zikidondoka si tatizo. Usaha ni tatizo: hapo fungua, safisha, na utoe kila kilicholegea.